Bi Ngoja: Miaka Thelathini na Moja ya Kusimamisha Mashine

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, Afisa Usalama na Afya Kazini wa kiwanda chetu cha katoni atakabidhi kitambulisho chake getini na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Kwenye mafaili ya ofisi ya utumishi ana majina matatu marefu. Humu ndani hakuna anayeyatumia. Sisi sote, kuanzia wapakiaji wa ghalani mpaka mkurugenzi, tunamwita Bi Ngoja, kwa kuwa hilo ndilo neno la kwanza ambalo kila mfanyakazi mpya hulisikia kinywani mwake. "Ngoja kwanza," anasema, halafu anakutazama viatu.

Alikuja hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mama wa watoto wawili, akaajiriwa kibarua katika chumba cha gundi. Chumba hicho wakati ule kilikuwa na dirisha moja lisilofunguka. Ikifika saa nane mchana wanawake waliokuwa wakibandika maboksi walianza kucheka bila sababu, na jioni wakarudi nyumbani vichwa vikiwapasuka. Wengi walidhani ni uchovu. Bi Ngoja alileta daftari la shule la mwanawe, lililobaki kurasa chache, akaandika kwa wiki tatu mfululizo nani kaumwa kichwa, saa ngapi, na siku hiyo ilitumika gundi ipi. Akalipeleka kwa meneja wa uzalishaji akiwa bado na gundi kwenye kucha. Dirisha lilifunguliwa kwa nyundo siku hiyo hiyo, na baada ya miezi miwili ikafungwa feni ya kutoa hewa chafu. Feni ile bado inafanya kazi. Inapiga kelele kama mbuzi aliyefungiwa, lakini inafanya kazi.

Kwa nini vichwa vya watu wengine vimhangaishe kiasi hicho? Mara moja tu alitusimulia. Baba yake alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kufuma nguo, katikati ya mashine ambazo hazikumruhusu mtu kumsikia jirani yake. Kabla hajatimiza miaka hamsini, akawa kiziwi. Bi Ngoja na ndugu zake walikua wakijua kwamba baba haitwi kwa nyuma. Unazunguka mbele yake, unasubiri akuone, ndipo unasema. Alipoanza kwenda kucheza kwa rafiki zake alishangaa kusikia watoto wakiwaita baba zao kutoka chumba kingine, nao wakiitika. Mzee alipoulizia haki yake kiwandani aliambiwa kwamba kelele alizikuta, na aliyekubali kazi amekubali na hatari zake. "Baba aliyaamini maneno hayo," Bi Ngoja alituambia. "Mpaka anafariki alikuwa anaona masikio yake yameharibika kwa kosa lake."

Baada ya habari ya dirisha alipewa sanduku la huduma ya kwanza alisimamie. Akajiunga na mafunzo ya usalama kazini, kila Jumamosi kwa miaka miwili. Mumewe, shemeji yetu mwalimu wa hesabu, ndiye aliyekuwa akipika na kuogesha watoto siku hizo, na hachoki kutukumbusha kwamba cheti kile ni cha watu wawili. Miaka ishirini na minne iliyopita Bi Ngoja akawa Afisa Usalama wa kwanza wa kiwanda hiki. Ofisi aliyopewa ilikuwa stoo ya mifagio. Mifagio haikuhamishwa. Yeye alisema haimsumbui, ila iwekwe wima isije ikamkwaza mtu.

Yale aliyojifunza aliyageuza kuwa mazungumzo ya kantini. Kuna watu humu wasiojua mbunge wao ni nani, lakini wanajua mwajiri anawajibika kwa lipi, kwa sababu walilisikia wakila. Alitueleza kwamba sheria zetu, kama za nchi nyingi zenye mahakama za aina hii, hazikutungwa zote na bunge. Nyingine zimejengwa na majaji, kesi juu ya kesi, kama ukuta wa matofali. Jaji wa leo anatazama kwanza jaji wa jana alisemaje. Zamani majaji hao walimwonea mfanyakazi. Ukiumizwa kwa kosa la mwenzako wa kazini, hukuweza kumdai mwajiri. Ilihesabiwa ni mambo yenu wenyewe kwa wenyewe. Ukijua kuna hatari na ukaendelea kufanya kazi, ilihesabiwa umeiridhia. Hoja hizo zikaporomoka moja baada ya nyingine, na Bi Ngoja alipofika sehemu hiyo sauti yake ilichangamka kama anayesimulia mechi ambayo timu yake ilishinda.

Halafu aliinua vidole vinne. Wafanyakazi wenzako wawe na ujuzi. Vifaa viwe salama. Mahali pa kazi pawe salama. Na utaratibu wenyewe wa kazi uwe salama. Hayo mwajiri anadaiwa na kila mfanyakazi wake, na deni hilo halihamishiki. "Unaweza kumtuma mtu akufanyie," alisema, "kama unavyomtuma mtoto dukani. Lakini chumvi isipofika jikoni, anayeulizwa ni wewe uliyepika." Mpakiaji mmoja mbishi alimuuliza kama basi mwajiri azuie hata mtu asijikwae kwa miguu yake mwenyewe. Akamjibu kwamba sheria haidai miujiza. Inadai kila linalowezekana kwa akili ya kawaida, ukipima ukubwa wa hatari na taabu ya kuizuia. "Hakuna anayekutaka ujenge ukuta kwa ajili ya mbu. Chandarua kinatosha. Lakini kama chandarua unacho na umekikunja kabatini, usije ukaniambia malaria ni mipango ya Mungu."

Msidhani alikuwa mtu wa mahubiri tu. Mtakaopita mapokezi itazameni ile picha kubwa ya uzinduzi wa ghala jipya, mmtazame mgeni rasmi miguuni. Alikuja na makubadhi ya ngozi, mazuri kweli, vidole nje. Bi Ngoja alimpokea mlangoni kwa heshima zote, akamkaribisha, akamwambia angoje kwanza. Viatu vilivyopatikana ni vya mpakiaji wetu mrefu kuliko wote. Mheshimiwa alikagua ghala zima akiburuza mabuti kama bata, na nasikia alipofika ofisini kwake aliagiza wasaidizi wake wote wanunuliwe viatu vya kazi.

Lakini wasifu huu usingekuwa wa kweli kama ungepita pembeni ya mashine nambari nne.

Mashine hiyo hukata katoni. Sahani nzito yenye visu inashuka, inakata, inapanda, mara ishirini kwa dakika. Mbele yake kuna wavu wa chuma, na kwenye wavu kuna swichi: ukiufungua, mashine inasimama yenyewe. Miaka kumi na saba iliyopita tuliletewa karatasi zenye unyevu, zikawa zinakwama kila mara. Kila zikikwama, mwendeshaji anafungua wavu, mashine inasimama, anachomoa karatasi, anafunga, anawasha upya. Oda ilikuwa kubwa na malori yalikuwa yamepanga mstari uani. Msimamizi wa zamu akatafuta kipande cha waya, akaifunga swichi ili mashine idhani wavu umefungwa wakati wote. Kuanzia hapo karatasi iliweza kuchomolewa bila kusimamisha chochote.

Msimamizi huyo ni mimi ninayeandika haya. Kamati ya jarida iliponiomba niandike wasifu huu na kuusoma kwenye sherehe hii ya kumuaga, nilikwenda kwa Bi Ngoja kumuuliza kama nimwachie mwingine. "Andika wewe," alisema. "Ila usijipambe, wala usijichafue kupita kiasi." Najitahidi.

Mwendeshaji wa mashine nambari nne alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na minne, mwenye mke na mtoto mchanga, tuliyemwita Kasi. Hakuwahi kulalamika. Nilimwambia waya ule ni wa siku mbili tatu, akaniamini, maana mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake. Bi Ngoja aliniandikia barua ya kwanza, nikaisaini kwamba nimeipokea, nikaitia kwenye droo. Akaandika ya pili, nayo nikaisaini. Jumanne ya wiki iliyofuata alikuja na koleo, akaukata waya mbele ya macho yangu, akaniachia barua ya tatu. Nilisubiri aondoke. Kisha nikafunga waya mwingine.

Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, Kasi aliingiza mkono wa kulia kuchomoa karatasi. Vidole vitatu vilikatika.

Bi Ngoja alifika wa kwanza. Aliizima mashine kwenye swichi kuu ukutani, akamlaza Kasi chini, akauinua mkono, akaubana kwa vitambaa safi, na njia nzima kwenda hospitali alikuwa akimuuliza habari za mtoto wake: ameanza kukaa, ameota meno mangapi, anafanana na nani. Mimi nilibaki nimeshika ule waya. Sikumbuki niliutoa saa ngapi kwenye swichi. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nao mkononi na nilikuwa nautafutia mahali pa kuuweka.

Hospitalini Bi Ngoja alikutana na mama mzazi wa Kasi. Yule mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Mlikuwa mnajua?"

Bi Ngoja angeweza kusema uchunguzi unaendelea. Alijibu, "Tulikuwa tunajua, mama."

Mkaguzi wa viwanda wa serikali alikuja kesho yake, akaifunga mashine kwa lakiri. Kampuni ilishtakiwa kwa kuendesha mashine isiyo na kinga, na mimi nikashtakiwa kwa jina langu, maana sheria inaweza kumfuata hata mtu mmoja mmoja. Tulikiri wote wawili, tukatozwa faini. Nilisimamishwa kazi miezi mitatu, nikastahili zaidi. Hayo yalikuwa ya serikali. Kasi mwenyewe alifungua shauri lake la madai ya uzembe, na hapo ndipo Bi Ngoja alipowekwa njia panda.

Aliitwa ofisini kwa mkurugenzi wa wakati ule, ambaye amekwishastaafu siku nyingi. Wakili wa kampuni alikuwepo. Nami niliitwa. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa. Alimwambia Bi Ngoja kwamba anachoombwa ni kidogo: aandike maelezo kwamba faini ile ilihusu waya wa siku moja tu, uliofungwa bila uongozi kuarifiwa, na kwamba mwendeshaji alikuwa mtu wa haraka haraka. "Zile barua tatu," alisema, "hatujui zilipotelea wapi."

"Mimi najua," Bi Ngoja alisema. "Nakala ninazo, na zina sahihi ya aliyezipokea. Ya pili ilipitia kwenye meza yako."

Wakili aliacha kuandika. Mkurugenzi akasogeza kiti chake mbele. "Bi Ngoja, wewe unakula hapa."

"Ndiyo, bosi. Na Kasi alikuwa anakula hapa. Kwa mkono ule."

Akainuka, akaaga vizuri, akatoka. Nilimfuata kwenye korido bila kujua ninachotaka kumwambia. Yeye ndiye aliyesema. "Sahihi ile ni yako. Nikiulizwa nitasema ni yako. Nakuambia mapema, usije ukaona nimekuvizia." Alikuwa na watoto wawili vyuoni, na alikuwa ametoka kumkatalia mtu anayeweza kumfukuza kazi kabla ya chakula cha mchana. Kilichomsaidia, tulikuja kujua baadaye, ni kwamba wakili yule alikuwa na akili. Alimwambia mkurugenzi kwamba kumfukuza shahidi ni kufungua kesi ya pili kabla hujamaliza ya kwanza.

Samansi ilipokuja, Bi Ngoja alikwenda mahakamani na blauzi yake ya kazi, iliyopigwa pasi. Shemeji aliomba ruhusa shuleni, akakaa benchi la nyuma. Bi Ngoja alizitoa barua zote tatu, akazisoma kwa sauti. Wakili wa kampuni, aliyekuwa akifanya kazi yake, alijaribu kuonyesha kwamba Kasi alijitakia mwenyewe. "Hata ninyi wenzake mnamwita Kasi. Kweli au si kweli?"

"Kweli, lakini ni utani, mheshimiwa. Pale kantini yeye ndiye wa mwisho kumaliza kula kila siku. Sisi tumeshaosha mikono, yeye bado anapuliza chai."

Mahakama nzima ilicheka, na Kasi pia, mara ya kwanza tangu siku ile. Jaji aliinamia karatasi zake kwa muda kidogo.

Ndipo wakili wa Kasi akasimama, na swali lake likawa gumu kuliko yote, ingawa alikuwa upande ambao ushahidi ule ulikuwa unausaidia. Aliuliza: kama shahidi aliuona waya Jumanne, na alijua hatari yake, kwa nini mashine iliendelea kufanya kazi mpaka Alhamisi?

Bi Ngoja alishika ukingo wa kizimba. "Nilikata waya," alisema. "Sikukata umeme. Sikuwa nimepewa mamlaka ya kuzima mashine. Lakini swichi kuu iko ukutani, na mkono ninao. Hilo ni langu, mheshimiwa, na nalibeba."

Hakuna aliyemtaka aseme hivyo. Nilikuwa nimekaa nikingoja zamu yangu ya ushahidi, nikiwa nimepanga maneno mazuri kuhusu unyevu wa karatasi na shinikizo la oda. Nilipopanda kizimbani, sikuyatumia. Nilisema waya niliufunga mimi, mara mbili, na kwamba Kasi aliniuliza kama ni salama nikamwambia ndiyo.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki sita. Jaji alisema kampuni ilikuwa na wajibu wa kumpa Kasi kifaa salama na utaratibu salama wa kazi, na kwamba wajibu huo haukuondoka kwa kumkabidhi msimamizi. Mkono wa msimamizi akiwa kazini, alisema, ni mkono wa kampuni. Alichokifunga yeye kimefungwa na kampuni. Kuhusu linalowezekana, alisema wavu ulikuwepo na swichi ilikuwepo, na kilichotakiwa ni kutovigusa tu. Hoja kwamba Kasi aliijua hatari akairidhia aliikataa: mtu anayetii amri ya mkubwa wake ili asipoteze mkate hajaridhia lolote. Akaamuru Kasi alipwe fidia, ila alimkata sehemu moja kati ya tano ya fidia hiyo, kwa kuingiza mkono ilhali kitufe cha kusimamisha mashine kilikuwa karibu yake. Kasi aliona ni haki. Bi Ngoja mpaka leo anaona ni nyingi, na ukitaka kuchelewa kurudi kazini baada ya chakula, mwanzishie mada hiyo.

Aliporudi kiwandani kulikuwa na ukimya wa wiki mbili. Wengine walimkwepa, wakidhani kusalimiana naye kutaonekana vibaya. Alikula peke yake kwenye meza ya pembeni, akaendelea kuzunguka na daftari lake kama kawaida. Kisha mkurugenzi akamwita. Tulijua amekwisha. Mkurugenzi mwenyewe alisimulia yaliyotokea siku yake ya kuagwa, kwa hiyo siibi siri. Alimuuliza, "Unataka nini, Bi Ngoja?"

"Makufuli."

"Mangapi?"

"Kumi na manne, moja kwa kila mashine. Mekundu. Na barua yenye sahihi yako kwamba nikifunga mashine, hakuna atakayeifungua ila mimi. Hata wewe."

Alipewa makufuli, na barua akaitia kwenye fremu.

Mimi nilikuwa nimerudi kazini wakati huo, nimeshushwa cheo, nikitembea nimeinamisha kichwa. Nilidhani atanikwepa. Alikuja mpaka kwenye kabati langu la nguo. "Wewe unajua kila njia ya kuidanganya mashine," aliniambia. "Nisaidie kuziziba." Tangu siku hiyo, kila asubuhi saa moja kasoro dakika ishirini, tumekuwa tukizunguka mashine zote kumi na nne, yeye na mimi, tukifungua na kufunga kinga moja moja. Nimefanya hivyo kwa miaka kumi na sita. Sijapewa adhabu wala heshima kubwa kuliko hiyo.

Mengine mnayajua, lakini lazima yaandikwe. Ile mistari ya njano ya njia ya foklifti za kubebea mizigo ni yake. Upimaji wa masikio kila mwaka ni wake. Aliupigania miaka minne, na siku kipimo cha kwanza kilipofanyika alivaa sare mpya. Viti vya wajawazito chumba cha gundi, kamba za kujifunga kwa wanaopanda juu ya paa, kanuni kwamba mzigo wa zaidi ya kilo ishirini na tano unabebwa na watu wawili, yote ni yake. Kwa miaka kumi na saba hakuna mfanyakazi wa kiwanda hiki aliyepoteza kiungo. Ofisi ya mkaguzi wa viwanda sasa huwaleta mameneja wa kwingine waje waone tunavyofanya. Shemeji anasema nyumbani hali ni hiyo hiyo: wajukuu hawaruhusiwi kuinua hata ndoo ya maji bila kukunja magoti. Na juzi, wanakamati walipopanga ukumbi kwa ajili ya sherehe hii, mstaafu wetu alipita mara moja, akakuta viti vya wageni wake vimeziba mlango wa dharura. Ndiyo maana nyie wa safu ya kushoto mmebanana.

Na Kasi je? Alirudi baada ya mwaka mmoja na nusu, akawekwa ghalani kwenye kumbukumbu za mizigo. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko ambao mwanzoni ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu. Bi Ngoja alimpa vitabu vyake vya mafunzo, vilivyojaa alama za penseli. Kasi akasoma, akafaulu, na kwa miaka mitano iliyopita amekuwa msaidizi wake. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao ndiye Afisa Usalama wetu. Mwanawe, yule aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno, yuko chuo cha ufundi.

Wiki iliyopita mashine nambari mbili ilikutwa haina bolti mbili kwenye kinga yake. Kasi akaifunga kwa kufuli jekundu. Ilikuwa siku ya oda kubwa, na meneja wa uzalishaji, ambaye ni mgeni kidogo hapa, alikuja mbio na karatasi zake mkononi. Alisema ni suala la dakika kumi tu, bolti zitaletwa mashine ikiwa inaendelea. Kasi hakupandisha sauti. "Zikifika zikafungwa, itawaka," alisema. Meneja akaongeza sauti. Kasi akarudia maneno yale yale, ufunguo ukiwa kwenye mfuko wa shati.

Bi Ngoja alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha gundi, akiona kila kitu. Nilimtazama nikijua atakuja. Hakuja. Aligeuka taratibu akarudi ofisini kwake. Bolti zilipofungwa na mashine ikawaka, nilimfuata. Nilimkuta anapanga mafaili kwenye katoni, zilizokatwa na mashine zetu wenyewe. Nikamuuliza mbona hakuingilia.

"Pale kuna mwenyewe," alisema, akanipa katoni nishike upande wa pili, maana ilikuwa nzito.

Dada yetu, kwa niaba ya zamu zote, chumba cha gundi, ghala, madereva, ofisi na uongozi, tunakushukuru. Wapo humu watu ambao hawatajua kamwe ni siku gani uliwaokoa, kwa sababu siku hiyo hakikutokea kitu. Mimi yangu naijua, na nimeiandika. Nenda kapumzike, ukalale mpaka jua lichomoze, ukale chakula bila kutazama saa. Afya yako iwe njema na siku zako ziwe nyingi.

Na wewe shemeji, ulituazima mkeo kwa miaka thelathini na moja. Tunakurudishia akiwa na vidole kumi, macho mawili, na masikio yanayosikia vizuri sana. Mwite tu kutoka chumba chochote.